Hongereni, Wauguzi wa Dawa ya Maumivu

Mgonjwa wa saratani aliyepata usingizi hushukuru kwa mambo ambayo sisi wazima hatuyahesabu: amekunywa uji ukakaa, amegeuka kitandani bila kupiga kelele, amesali ameketi. Shukrani ni za Mungu, sawa. Lakini naomba na wauguzi wa Uganda wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, watajwe.

Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993, akitegemea dawa ya maumivu iitwayo mofini ya maji: unga wa dawa, maji, kihifadhi na rangi kidogo ya kutofautisha ukali. Basi. Haidai sindano wala kitanda cha hospitali. Mgonjwa huinywa nyumbani kila baada ya saa nne, na wakati wa kulala huongezewa dozi ili asiamshwe usiku. Mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kumwandikia mgonjwa mofini wenyewe. Uamuzi wa busara, maana kijijini daktari husubiriwa, na maumivu hayasubiri.

Muuguzi akifika huketi mkekani, akauliza maumivu ni vidole vingapi kati ya vitano, akakagua kidonda, akauliza habari za choo (mofini hufunga tumbo), ndipo amfundishe mtu wa nyumbani kupima dawa. Akiombwa asali nao, husali. Wapo wanaodhani imani ni kuuma meno na kunyamaza. Siafiki. Maumivu yakipungua, mtu hupata nafasi ya kuzungumza na Mola wake mambo mengine zaidi ya mguu unaomuuma.

Hongereni sana, masista na makaka. Nanyi mnaopanga bajeti za dawa, chupa za mofini zisikauke.