Sentimita Isiyopima Urefu: Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Ufundi wa Redio

Mwongozo mmoja wa ufundi wa redio, ulioandikwa kwa Kijerumani katika miaka ya 1920, umetafsiriwa kwa Kiswahili kupitia Kifaransa, na nakala zake zinapita mikononi mwa wanafunzi wetu. Jina la mtafsiri tunaliacha, kwani kazi yake bado haijachapishwa. Lakini madhali inasomwa, na kuna wanaosokota waya kwa kuifuata, yafaa ihakikiwe.

Kwanza tumpe mtafsiri haki yake. Sentensi zake ni za Kiswahili, si Kifaransa kilichovishwa kanzu. Pale ambapo wengi wangeandika rezonansi, yeye ameandika mwitikio, neno lenye ngoma ndani yake: mmoja huanza, wengine huitikia, na ndivyo koili na kapasita zinavyofanya mbele ya wimbi linalozifaa.

Kasoro inaanza kwenye tarakimu. Asilia inasema kwamba koili fulani ni ya sentimita 200,000. Mtafsiri ameandika: "koili yenye waya wa urefu wa sentimita 200,000". Hiyo ni kilomita 2 za waya! Koili ya kawaida ya namna hiyo haihitaji hata mita 30. Mwandishi wa asili hakuzungumzia urefu wa waya hata kidogo. Alikuwa akitaja induktansi.

Je, induktansi yawezaje kupimwa kwa sentimita? Hapa ndipo mtaalamu wa lugha anapopaswa kuketi na mtu wa fizikia. Katika mfumo wa zamani wa sentimita, gramu na sekunde, upande wake wa sumaku-umeme, uwezo wa utupu wa kupitisha sumaku ulihesabiwa kuwa 1 tupu, bila kizio chochote. Kwa hiyo induktansi ilibaki na kipimo cha urefu. Wala si upuuzi: ukikuza koili mara mbili katika pande zake zote, bila kubadili idadi ya mizunguko, induktansi yake huongezeka mara mbili. Sentimita moja ya namna hiyo ni sawa na nanohenri 1. Sentimita 200,000 ni maikrohenri 200. Hata Waingereza walikuwa wakikiita kizio kikubwa kwadranti, yaani robo ya mzingo wa dunia, kwa kuwa sentimita bilioni 1 ni kilomita 10,000, takriban umbali kutoka ncha ya dunia hadi ikweta. Kizio hichohicho ndicho kilichopewa jina la henri katika kongamano la umeme la Chicago mwaka 1893, kwa heshima ya Mmarekani Joseph Henry.

Kosa la pili ni zito zaidi, ingawa limefichika. Katika sura ya tatu mtafsiri, labda baada ya kushauriwa, anageuza vizuri sentimita 200,000 kuwa henri 0.0002. Lakini kapasita ameiacha katika sentimita 500, na kanuni ameiacha kama ilivyokuwa: urefu wa wimbi ni mara mbili ya pai, mara kipeuo cha pili cha induktansi zidisha kapasitansi. Kanuni hiyo ilikuwa sahihi kwa mwandishi wa zamani, kwa sababu induktansi aliipima kwa vizio vya sumaku-umeme na kapasitansi kwa vizio vya umemetuli, na katika kuchanganya huko kasi ya nuru hujifuta yenyewe. Sentimita 200,000 mara 500 ni milioni 100. Kipeuo chake cha pili ni 10,000. Jibu ni sentimita 62,832, yaani mita 628, wimbi la kati la redio. Mwanafunzi anayefuata tafsiri atapata takriban 2, na atadhani ni sentimita 2. Anayetumia henri hana budi kutumia pia faradi na kuzidisha kwa kasi ya nuru. Kugeuza nusu ni kubaya kuliko kutogeuza kabisa.

Tuongeze, kwa kupita tu, kwamba neno "mfumo wa zamani" halitoshi. Kizio cha induktansi katika upande wa umemetuli ni takriban henri bilioni 900, na tafsiri haisemi popote ni upande upi unaokusudiwa. Kinyume chake, mtafsiri anatumia ukurasa mzima kueleza henri ya kimataifa iliyoachwa mwaka 1948, ambayo ilikuwa henri 1.00049 za leo. Tofauti hiyo haimhusu msokota koili. Mkono wake mwenyewe hukosea zaidi ya hapo.

Tungependekeza tarakimu za asilia zibaki, na kando ya kila moja iandikwe thamani ya leo: kwa induktansi, sentimita 1 ni nanohenri 1, kwa kapasitansi, sentimita 1 ni pikofaradi 1.11. Sentimita hizo ziitwe waziwazi "sentimita za induktansi" na "sentimita za kapasitansi", ili asitokee tena mtu wa kuzikatia waya. Na kuhusu tahajia, tumekuta "henry" katika sura ya kwanza, "henri" katika ya tatu, "mahenri" katika ya tano. Ichaguliwe henri, iingie katika ngeli ya mita na lita: henri moja, henri mbili, bila ma- ya wingi.