Picha Moja, Nyakati Elfu Tatu

Ilaze simu dirishani wakati basi liko mwendoni, upige picha nguzo za umeme za kando ya barabara. Zitatoka zimeinama, kana kwamba fundi alizisimika akiwa na haraka ya kwenda kwingine. Pangaboi linalozunguka kwa kasi nalo hutoka na mapanga yaliyojikunja. Wengi hulaumu lenzi, wengine hulaumu bei ya simu. Lenzi haihusiki, na simu ya milioni tatu hufanya vivyo hivyo, ila kwa kiasi kidogo. Chanzo ni utaratibu wa kusoma kihisi, yaani kile kipande cha silikoni kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi. Utaratibu huo ulichaguliwa kwa makusudi, na kwa maoni yangu ulichaguliwa vizuri.

Kihisi kilichotangulia kutawala kamera za kidijitali ni CCD, kilichobuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell, Marekani. Kazi hiyo iliwapatia Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Mwanga ukigonga silikoni hung'oa elektroni, na kila pikseli hukusanya zake. Katika CCD elektroni hizo husafiri. Pikseli humkabidhi jirani, naye jirani humkabidhi anayefuata, hadi kwenye kona ambako kuna amplifaya moja ya kuzigeuza kuwa volteji. Ni kama vibarua wanaopokezana karai za zege kuelekea ghorofani: kila mkono ukidondosha kidogo, juu hufika karai nusu. Tuseme kila makabidhiano yanafikisha asilimia 99.9 ya mzigo. Baada ya makabidhiano 2,000, kinachofika hakizidi asilimia 14. Ili ifike asilimia 98, upotevu wa kila hatua hautakiwi kuzidi sehemu moja katika laki moja. Viwanda viliuweza usahihi huo, lakini kwa gharama kubwa.

Nje ya angahewa mambo huwa magumu zaidi, kwa sababu mionzi huiharibu silikoni na kuacha mitego inayonasa elektroni njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake wa JPL, maabara ya NASA iliyoko California, walitaka kamera ndogo za vyombo vya anga zisizokula umeme mwingi. Hawakuhangaika kupunguza upotevu wa safarini. Waliifuta safari yenyewe. Wazo la kuweka amplifaya ndani ya kila pikseli lilikuwapo tangu miaka ya 1960. Wao waliongeza kituo kidogo ndani ya pikseli, ili elektroni zipige hatua moja tu kabla ya kusomwa. Na kwa kuwa vihisi hivyo, vinavyoitwa CMOS, vilitengenezwa kwa teknolojia ileile ya chipu za kompyuta, bei yake iliweza kushuka hadi vikaingia mifukoni mwetu.

Usomaji wenyewe huenda hivi. Mstari mmoja wa pikseli huchaguliwa. Kila pikseli kwenye mstari huo husafisha kituo chake, na volteji ya kituo husomwa kingali kitupu. Kisha lango hufunguliwa, elektroni humiminika kituoni, na volteji husomwa mara ya pili. Kinachotunzwa ni tofauti kati ya masomo hayo mawili. Mbona yote hayo? Kwa sababu kusafisha hakuachi kituo katika hali ileile kila mara. Joto pekee huziyumbisha elektroni. Kwa kituo chenye ukubwa wa femtofaradi moja, myumbo huo hufikia takriban elektroni 13. Pikseli ya gizani iliyokusanya elektroni 40 ingeharibiwa kabisa na kosa la 13, na hapo ndipo zingezaliwa chenga. Lakini kosa lilelile limo katika masomo yote mawili, kwa hiyo ukitoa moja kwenye jingine linajifuta lenyewe. Sijaona hatua maridadi kuliko hii katika kamera nzima.

Volteji hiyo hushuka kwa waya wa safu yake hadi kwenye kigeuzi, ambako hulinganishwa na volteji nyingine inayobadilika taratibu huku kaunta ikihesabu. Zikikutana, kaunta husimama, na namba iliyosimamia ndiyo pikseli. Safu zote, tuseme 4,000, hufanya kazi hii kwa pamoja, kisha unafuata mstari wa pili.

Waya ni mmoja kwa safu, kwa hiyo mistari haina budi kupanga foleni. Na kwa kuwa pikseli haina pa kuhifadhi elektroni zake ikisubiri zamu, kila mstari huanza na kumaliza kupokea mwanga kwa saa yake. Kihisi chenye mistari 3,000, kila mmoja ukichukua mikrosekunde 10, humalizika baada ya milisekunde 30. Muda huo bodaboda ya kilomita 60 kwa saa imeshasogea nusu mita.

Taa huumbua foleni hiyo zaidi. Umeme wetu wa 50 Hz hufanya balbu nyingi za bei nafuu zififie mara 100 kwa sekunde, jicho lisione. Piga picha kwa sehemu ya 1/1000 ya sekunde, na katika milisekunde zile 30 zitajichora kanda tatu za giza. Ongeza muda hadi 1/100, kila mstari upate mzunguko mzima wa taa, nazo hutoweka.

Mistari yote ikishasomwa, prosesa huingia kazini. Kwa mpango wa Bryce Bayer wa Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976, nusu ya pikseli huona kijani, robo nyekundu na robo bluu. Theluthi mbili za namba za rangi katika picha yako ni makadirio yaliyotokana na majirani. Makadirio hayo hufanikiwa kwa sababu majirani kwa kawaida hupokea rangi zinazokaribiana, nao walisomwa karibu wakati mmoja. Kunyoosha nguzo ni kazi nyingine. Simu ikitikisika, jairoskopu hueleza ilikuwa wapi kila mstari uliposomwa, na programu hurekebisha. Kikienda mbio kitu chenyewe, jairoskopu haina habari.

Mwishoni mwa 2023 Sony ilitangaza a9 III, kamera ya fremu kamili inayofunga pikseli zake zote milioni 24.6 kwa mpigo, kila moja ikiwa na ghala lake. Ghala hilo hula nafasi, na ISO ya kamera hiyo, yaani kipimo cha wepesi wa kuitikia mwanga, huanzia 250 wakati nyingi za daraja lake huanzia 100. Mpiga picha wa riadha hatalalamika. Kwenye simu, ambako pikseli nyingi zina upana wa takriban mikroni moja, nafasi hiyo ingemegwa kutoka eneo lilelile linalokusanya mwanga, na mnunuzi anayepiga picha sebuleni usiku angeziona chenga siku ya kwanza.