Kulitambua Jani la Majini: Mwongozo kwa Mwenye Tangi la Samaki

Mmea uliotolewa Ziwa Babati ukapandwa katika tangi la kioo sebuleni hauchukui muda kubadilika. Mwanga ukiwa hafifu, pingili hurefuka, majani hupungua na rangi hufifia. Watu wawili wanaweza kuutazama mmea huohuo, mmoja ziwani na mwingine tangini, wakatoa majina mawili. Utambuzi mzuri ni ule unaosimama juu ya alama zisizoyumba kila maji na mwanga vinapobadilika. Alama hizo zina daraja, nazo huanzia kwenye mpangilio wa majani.

Mpangilio kabla ya umbo

Kata tawi moja, lielee katika beseni jeupe lenye maji safi. Hesabu majani kwenye vifundo vya katikati ya shina. Nchani yamebanana mno, na chini mengi yamekwisha kudondoka. Rudia kwenye vifundo kadhaa, maana kimoja hudanganya.

Jenasi tatu huchanganywa sana. Hydrilla, mwenyeji wa Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika, huzungushia kila kifundo majani matatu hadi manane. Egeria ya Amerika Kusini aghalabu huwa na manne. Lagarosiphon ya Afrika kwa kawaida huyapandisha kwa kupishana, bila kufunga duara kamili. Ukikuta manne, basi, hesabu peke yake haijakata shauri.

Mkono na pua

Hapo pitisha kidole chini ya jani, kwenye mshipa wa kati. Hydrilla hukwaruza, na meno ya ukingoni mara nyingi huonekana bila lenzi. Egeria ni laini. Kisha fukua tope penye mizizi. Vijiazi vidogo ni ushahidi wa Hydrilla. Ukivikuta, umethibitisha, usipovikuta, hujakanusha, kwa kuwa mmea mchanga huenda haujavitoa.

Kwa majani ya nyuzinyuzi, tazama yanavyogawanyika. Ya Ceratophyllum hupasuka mawili, kila tawi likapasuka tena, na mmea wote hauna mzizi hata mmoja. Ya Myriophyllum yana uti wa kati wenye nyuzi pande zote mbili, kama unyoya. Ukiona vibofu vidogo katikati ya nyuzi, una Utricularia, mmea unaonasa vijidudu. Na kinachovunjika mkononi, chenye ukoko wa chokaa na harufu inayokaribia kitunguu saumu, huenda ni Chara. Huo ni mwani, usiusubiri utoe ua.

Shahidi dhaifu, shahidi mkuu

Umbo la jani ndilo linalotazamwa kwanza na wengi, nalo ndilo dhaifu kuliko yote. Mimea mingi ya madukani hukuzwa nje ya maji, hivyo majani iliyokuja nayo huoza tangini na mapya huchipuka kwa sura nyingine. Subiri hayo mapya kabla ya kutoa jina. Yasipotokea, huenda umeuziwa mmea wa nchi kavu: Dracaena sanderiana, maarufu kama mianzi ya bahati, huuzwa kwa wenye matangi ilhali ikizamishwa yote hufa polepole.

Ua ndilo shahidi mkuu. La Egeria lina petali tatu nyeupe na hupanda juu ya maji likaonekana wazi. La Hydrilla ni dogo, la kutafutwa kwa jicho makini. Vallisneria, yenye majani marefu kama utepe, hupeleka ua la kike juu kwa kikonyo kirefu ambacho hujikunja baada ya uchavushaji.

Kulipima jina ulilopewa

Muulize aliyekupa jina: umeona alama gani? Ni mmea upi mwingine unaofanana nao? Ni kitu gani kingekufanya uliache jina hilo? Anayejibu yote matatu na kuishia kwenye jenasi amefanya kazi bora kuliko anayetaja spishi bila sababu.

Ukitaka uamuzi wa wataalamu, kausha kielelezo. Zamisha karatasi ngumu chini ya tawi linaloelea, tandaza majani, inua taratibu, kisha gandamiza katikati ya magazeti na uyabadilishe kila siku. Andika mahali, tarehe, kina cha maji na rangi ya ua. Hebaria ya Taifa iko Arusha, na kitabu cha rejea ni Flora of Tropical East Africa, kilichotolewa kwa sehemu kuanzia 1952 hadi 2012. Kielelezo chenye ua au tunda hupata jibu haraka zaidi. Usijitie ujasiri wa bure mbele ya viboko wa Ziwa Babati: omba mimea iliyonasa kwenye nyavu za wavuvi.

Kosa lina gharama. Gugu maji, lililosambazwa duniani kwa uzuri wa ua lake, liliingia Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, baadaye likaziba mialo. Hydrilla iliingia Florida miaka ya 1950 kupitia biashara ya mimea ya matangi, ikaziba mito na mifereji. Kwa hiyo mmea ambao haujapata jina la uhakika uuhesabu kuwa hatari: ukipunguza matawi, yakaushe juani hadi yakatike, na maji ya tangi yamwage bustanini, mbali na mfereji unaoelekea ziwani.