Kwa nini soga za wanawake wanne hazichakai

MWALIMU mmoja anayefunza Kiswahili huko Lafey, katika Kaunti ya Mandera, ameniuliza swali ambalo halijanitoka akilini. Likizo ikifika, asema, wanafunzi wake wa kike huizunguka simu moja wakatazama vipande vya The Golden Girls, vichekesho vya runinga vya Marekani vilivyokoma kutengenezwa mwaka wa 1992, kabla wao hawajazaliwa. Hamna bunduki humo, hamna magari yanayofukuzana, wala hamna kijana mtanashati wa kuwatoa wasichana roho. Sasa, auliza mwalimu, hawa mabanati wanacheka nini? Na je, mambo haya hayatawaharibia Kiswahili?

Kwa wasiovijua, vichekesho hivi vilibuniwa na Susan Harris na kuonyeshwa na NBC kuanzia Septemba 1985. Vilitimiza vipindi 180. Wajane wawili, Blanche na Rose, wanaishi nyumba moja mjini Miami pamoja na Dorothy, mwalimu aliyeachana na mumewe, na Sophia, mamake Dorothy. Waigizaji wote wanne, yaani Bea Arthur, Betty White, Rue McClanahan na Estelle Getty, walishinda tuzo ya Emmy kwa nafasi hizo. Getty, aliyeigiza mama mtu, alikuwa mdogo kwa Arthur kwa mwaka mmoja na ushei! Leo wote wamekwenda zao. Betty White ndiye aliyefunga safari hiyo, siku ya mwisho ya mwaka wa 2021, akiwa amebakisha wiki tatu hivi kufikisha umri wa miaka mia.

Wahakiki wengi husema kwamba vichekesho hivi vimedumu kwa sababu vilithubutu kuwatia wazee katikati ya jukwaa. Ni kweli, ila jibu hilo halitoshi. Msichana wa miaka kumi na sita hakai kitako kutazama uzee. Mimi naona kwamba kinachomnasa ni mazungumzo yenyewe, na hapo isimu ina la kusema.

Mwanafalsafa Mwingereza H. P. Grice, katika makala yaliyochapishwa 1975, alieleza kwamba watu wanaozungumza huongozwa na Kanuni ya Ushirikiano. Kanuni hiyo ina kaida nne: sema kwa kiasi kinachohitajika, sema ukweli, sema linalohusiana na mada, na sema kwa namna iliyo wazi. Grice aliongeza kwamba zipo kaida nyingine pia, kwa mfano ile ya kuwa na adabu.

Hebu sasa waketishe wanawake hawa mezani jikoni, usiku wa manane, keki ya jibini ikiwa katikati yao. Rose anaivunja kaida ya kiasi. Ukimwuliza jambo dogo tu, anakuhadithia visa vya kijiji chake cha St. Olaf hadi ukome. Blanche anaivunja ile ya uhusiano: leta mada yoyote, hata ya msiba, naye ataipindua hadi imrudie yeye na wachumba wake. Dorothy anachezea ukweli kwa kejeli. Husema kinyume cha anachokifikiri, kwa uso mkavu, akijua kwamba utamwelewa. Sophia naye ameitupa kaida ya adabu dirishani. Tunaambiwa mwanzoni kabisa kwamba kiharusi kiliharibu ile sehemu ya ubongo inayomzuia mtu kulisema kila linalomjia. Anasema lake, anaendelea kula.

Kila mmoja, basi, ana ila yake ya mazungumzo, na ila hiyo ndiyo inayomtambulisha. Zima picha usikilize sauti tu, bado utajua nani anasema hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga. Lakini la muhimu zaidi ni hili: hakuna anayeondoka mezani. Rose huambiwa anyamaze, naye kesho huanza kisa kingine, na wenzake huketi wakamsikiliza tena. Ushirikiano alioutaja Grice unavunjwa kila dakika katika maneno na kushikwa imara katika uhusiano. Mtazamaji hucheka kwa sababu ana hakika kwamba urafiki hautavunjika.

Ushahidi upo. Bea Arthur alipoamua kuacha, watatu waliobaki walipelekwa katika mfululizo mwingine, The Golden Palace, wakafanywa wenye hoteli. Haukuvuka msimu mmoja. Waigizaji walikuwa wale wale na vipaji vyao vile vile. Nionavyo mimi, aliyekosekana ni msikilizaji, yule ambaye uso wake ulikuwa mizani ya upuuzi wa wenzake. Bila Dorothy, kisa cha Rose kilikuwa kirefu tu.

Turudi Lafey. Wasichana wale hawakuhitaji kufundishwa thamani ya mkao huu. Kiswahili cha pwani kina neno mahususi kwa rafiki wa kike wa mwanamke: shoga. (Najua vijana wa mjini wamelipa maana nyingine, lakini hiyo ya kale ingali hai Lamu na Mombasa.) Kisomali nacho kina saaxiibad, rafiki wa kike, na kina abaayo, dada, jina ambalo wanawake huitana hata wasipozaliwa tumbo moja. Wana sheeko, ambayo ni hadithi na pia ni soga. Wana buraanbur, utanzu wa ushairi ulio mali ya wanawake. Wana ayuuto, mchango wa kupokezana kama chama chetu, neno lililotoholewa kutoka Kiitaliano, aiuto, yaani msaada. Penye ayuuto kuna chai, na penye chai kuna Rose, Blanche, Dorothy na Sophia wa papo hapo. Wasichana wanapocheka, nashuku wanawacheka shangazi zao.

Je, sisi tumewapa nini kwa Kiswahili? Hatukosi vipaji. Katika Vitimbi, Mary Khavere, yaani Mama Kayai, aliweza kumnyamazisha Ojwang' kwa jicho tu. Katika Auntie Boss!, iliyoonyeshwa na NTV miaka ya 2010, wafanyakazi wa nyumbani walikutana, wakateta na kufichiana siri. Nyce Wanjeri, aliyemwigiza Shiru, alitunukiwa kwa nafasi hiyo mwaka wa 2018 katika tuzo za AMVCA. Kwetu, huo ndio mchezo ulioukaribia zaidi ule wa Miami.

Hata hivyo, vichekesho vyetu vina uraibu mmoja: lafudhi. Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini kama Ojwang' alikizungumza Kiswahili cha mzee wa Kijaluo kwa ustadi ajabu. Ustadi huo nauvulia kofia. Tatizo ni kwamba waliomfuata, wengi wao, wamebaki na lafudhi pasipo mtu ndani yake. Na Msomali ndiye anayeumia zaidi. Kisomali hakina sauti za p, v na z, kwa hivyo mchekeshaji anatamka “besa” mahali pa pesa na “fiasi” mahali pa viazi, ukumbi unaangua kicheko, basi, imekwisha. Mhusika mwenyewe aghalabu ni mwanamume mwenye duka. Mwanamke wa Lafey mwenye shoga zake, mwenye kejeli zake, anayepiga chuku na kuambiwa anyamaze, mimi sijawahi kumwona katika vichekesho vyetu.

Tofauti hii si ndogo. Lafudhi huchekesha kwa kuwa mtu ni wa kabila fulani, na kicheko hicho kinaweza kumfanya mtoto aogope kufungua kinywa darasani. Ila ya mazungumzo huchekesha kwa kuwa mtu ni yeye. Blanche ana lafudhi ya kusini mwa Marekani, lakini ukimwondolea atabaki Blanche yule yule. Ukimwondolea mwenye duka “besa” zake, anabaki nini?

Kwa hivyo, mwalimu, usiwapokonye simu. Kiswahili chao hakiharibiwi na bibi wa Miami. Kinadumaa kwa kukosa mahali ambapo wanaweza kukitumia kuteta, kuchongeana na kusameheana. Utakapofika kwenye insha ya mazungumzo, wape wahusika wanne wa kike, chai na ayuuto isiyotimia hesabu. Waambie kila mhusika aivunje kaida moja, na kwamba ni marufuku mmoja wao kuondoka kabla hesabu haijapatikana. Kisha wayasome kwa sauti mbele ya darasa, kwa p, v na z zao wenyewe, bila mtu kuwasahihisha katikati ya sentensi. Ukipata insha nzuri, nitumie. Huenda kuna mtayarishaji wa vipindi anayeusoma ukurasa huu.