Mwombaji kitambulisho hapigwi msasa

Kitenzi cha Kiingereza 'vet' kimetuletea msemo ambao vyombo vya habari haviuachi: kupiga msasa. Mawaziri wateule hupigwa msasa Bungeni. Kijana wa Garissa anayeomba kitambulisho, eti naye kapigwa msasa. Hapo ndipo ninapokataa.

Msasa ni mti wenye majani ya kukwaruza. Mafundi seremala waliyatumia kulainishia mbao, na karatasi ya kazi hiyo ikarithi jina. Kwa hiyo kinachopigwa msasa kimeshakubaliwa. Kimebaki kung'arishwa tu. Mhariri akiipiga msasa makala yangu, hana shaka kwamba ni makala.

'Vet' hakikutoka kwa seremala. Ni kifupisho cha jina la daktari wa mifugo, lenye asili ya Kilatini, lugha ambamo lilihusu wanyama wa mizigo. Katika karne ya 19 Waingereza walikifanya kitenzi cha kumpima mnyama, hasa farasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikahamia kwa binadamu. Ukitaka kuiona maana ya awali, nenda soko la mifugo la Garissa. Mnunuzi humfunua ng'ombe midomo atazame meno. Asiporidhika, huyoo, anaenda zake.

Wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera wanalijua tendo hilo. Novemba 1989 serikali iliwataka Wakenya wa asili ya Kisomali wajitokeze kukaguliwa, na waliopita wakapewa kadi za rangi ya waridi. Kwa miaka mingi baadaye, mwombaji kitambulisho alikalishwa mbele ya kamati aeleze yeye ni wa nani, ukoo gani, kazaliwa wapi. Ndiyo maana huko utasikia 'nimefanyiwa vetting', neno likiachwa na ugeni wake. Na Rais William Ruto alipotangaza kule Wajir, Februari 2025, kwamba utaratibu huo umeondolewa, kilichoondolewa hakikuwa kulainishwa. Kilikuwa kushukiwa.

Hata Bungeni msemo huu unachechemea. Agosti 2024 wabunge walimkataa Stella Soi Lang'at, mteule wa wizara ya Jinsia. Msasa gani huo unaokataa ubao?

Wapo wanaopenda 'kuchuja', lakini chujio lina makapi tayari, na mwombaji si kapi hadi ithibitishwe vinginevyo. Mimi ningesema anasailiwa, na stakabadhi zake zinahakikiwa. Msasa tuwarudishie maseremala, na wahariri.