Yusuf Islam na Swali la Asili

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Ila hawakutufafanulia asili yenyewe huanzia wapi. Swali hilo limenirudia nikiisikiliza upya An Other Cup, albamu ya 2006 iliyomrejesha Yusuf Islam kwenye muziki wa pop alioupa kisogo kwa miaka 28.

Tuanze na majina. Alizaliwa London mwaka 1948 akaitwa Steven Demetre Georgiou, babake Mgiriki wa Cyprus, mamake Mswidi. Miaka ya sitini akajipa jina Cat Stevens, la kuuzia santuri. Mwaka 1977 akasilimu, akawa Yusuf Islam, kisha akayapiga mnada magita yake na kutoa fedha hizo sadaka. Mashabiki wakalalama, ati mtu wao kapotea. Kwani aliyepotea ni yupi? Cat Stevens lilikuwa jina la jukwaani. Waliomtaka arudi kwao walimtaka arudi dukani.

Albamu hii imetolewa kwa jina Yusuf, basi. Kichwa chake kinaikumbusha Tea for the Tillerman ya 1970, kana kwamba mwenyeji anawamiminia wageni wale wale kikombe kingine cha chai. Humo ameurekodi upya wimbo wake wa 1970, "I Think I See the Light". Zamani nuru hiyo ilikuwa ya mpenzi. Sasa hatujui tena ni ya mpenzi au ya Mola, na utamu wake umo katika shaka hiyo. Aidha, anaimba "Don't Let Me Be Misunderstood", aliourekodi kwanza Nina Simone mwaka 1964. Kinywani mwa mtu ambaye mwaka 2004 ndege yake iligeuzwa njia hadi Maine, naye akanyimwa ruhusa ya kuingia Marekani, ombi la kutoeleweka vibaya linatonesha kidonda.

Sasa hebu tulitazame neno utambulisho. Limetokana na kutambulisha, kitenzi kinachodai mtu wa pili. Yeyote aliyewahi kuulizwa kitambulisho langoni anajua kwamba anayekisoma ndiye mwenye usemi. Nafsi ni jambo jingine. Haingoji kusomwa na mlinzi.

Kwa kipimo hicho, kasoro ya albamu hii iko wazi. Kuna mahali Yusuf anajieleza mno, mashairi yakawa mawaidha, nami nikahisi nimefanywa askari wa mpakani. Lakini anapoiachia nafsi iimbe bila kujitetea, sauti ile ya mkwaruzo haina haja ya pasipoti.

Mwaka 2017 alitoa The Laughing Apple kwa majina mawili pamoja, Yusuf na Cat Stevens, akiimba upya hata nyimbo alizozitoa akiwa kijana mwaka 1967. Wapo watakaosema hajaamua yeye ni nani. Mimi naona ameamua: asili yake ni njia yote aliyoipita, si kituo kimoja tu alichokipenda msikilizaji.