Hariri Haina Kifutio

Mwanafunzi aandikaye ubaoni akikosa hufuta, akaandika tena. Lakini mtu atiaye rangi juu ya hariri hana kifutio. Rangi ya maji ikigusa nguo hukimbia papo hapo kufuata nyuzi, wala hairudi. Tena kosa halionekani upesi: nguo hupikwa kwa mvuke ili rangi ishike, kisha huoshwa, ndipo fundi ajuapo kama amepata au amekosa. Kwa hiyo twaona vema kuipima kazi ya Itchiku Kubota, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1917 akafa mwaka 2003.

Alianza kujifunza kazi ya rangi akiwa na umri wa miaka 14. Alipopata miaka 20 aliona katika nyumba ya makumbusho mjini Tokyo kipande cha nguo kuukuu, kilichofanywa kwa ufundi uitwao tsujigahana. Katika ufundi huo nguo hushonwa na kukazwa kwa uzi, hutiwa rangi, hufunguliwa, kisha maua huchorwa kwa wino. Ulisitawi sana katika karne ya 16, kisha ukapotea, wala hapakubaki fundi wa kuufundisha. Kubota akaazimia kuufufua. Vita vikamchukua, akawa mfungwa wa Warusi huko Siberia. Aliporudi ilimbidi kwanza kutafuta riziki. Basi akajaribu na kukosa miaka mingi, hata mwaka 1977, naye ana miaka 60, ndipo alipoonyesha kazi yake kwa mara ya kwanza.

Je, alifaulu? Wako wawezao kusema kwamba hakufaulu, kwa kuwa ile hariri nyembamba ya kale ilikuwa haifumwi tena, naye akatumia hariri nyingine yenye mikunjo midogo, na rangi za viwandani. Hayo ni kweli. Lakini sisi twamsifu kwa jambo moja: hakuuita ufundi wake ule wa kale. Aliutia jina lake mwenyewe, Itchiku Tsujigahana. Kushindwa kuiga kulimfundisha kubuni, naye alikiri tofauti hiyo mbele ya watu wote.

Walakini hatuwezi kusifu yote. Mafundi wa kale waliacha nafasi tupu, na ua moja likatosha. Katika kimono za Kubota mara nyingi hapana hata mahali padogo pasipokazwa, pasipotiwa rangi. Jicho lachoka kutafuta pa kupumzika. Tena katika kazi yake kubwa, aliyokusudia iwe na kimono 80 wala hakuimaliza, mavazi hupangwa sambamba yawe picha moja ya nchi na majira yake. Picha ni nzuri ajabu, lakini vazi limesahau mwili wa mtu. Hapo twaona hatari ya ufundi uliopatikana kwa taabu: mwenye nao hutamani kuuonyesha wote.

Hata hivyo, sisi walimu na tujiulize. Mara ngapi twamkemea mtoto kwa doa moja daftarini, hata asithubutu kujaribu tena? Wazee walisema, kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Nguo zilizoharibika ndizo zilizomfundisha Kubota yale ambayo hakuna mwalimu aliyekuwa hai wa kumwambia.